Mwakilishi Wadi hana mfuko: somo kwa wawaniaji na wapiga kura kabla ya Agosti 2027

Uchaguzi mkuu ujao utafanyika Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Wakazi wa Kitale na Bungoma hawahitaji kalenda kujua kwamba msimu wa kura unakaribia. Dalili zake ni zile zile: harambee zinaongezeka, timu za mpira za mtaani zinapata jezi mpya, na mazishini orodha ya wageni wanaotaka "kusalimia waombolezaji kidogo" inakuwa ndefu kuliko ibada yenyewe.

Katika salamu hizo ahadi huwa chache na hufanana. Nitawajengea barabara. Nitaleta zahanati. Nitaweka taa za mulika mwizi sokoni. Mara nyingi anayezitoa huzitoa kwa moyo safi. Tatizo ni kwamba kiti anachokiomba hakimpi uwezo wa kutimiza hata moja kwa jinsi alivyoitamka. Miaka mitano baadaye yeye na wapiga kura wake huachana kwa uchungu, kila upande ukiamini umedanganywa na mwingine.

Somo hili linaeleza kazi halisi ya Mwakilishi Wadi, ambaye wengi humwita MCA, na jinsi kijiji kinavyoweza kupanga mahitaji yake hadi yakafika kwenye bajeti ya kaunti. Linawahusu wanaotaka kuwania na wanaotaka kupiga kura, kwa kuwa kosa la mmoja humgharimu mwingine.

Kutoka kwa diwani hadi kwa Mwakilishi Wadi

Watu wengi wenye umri wa miaka arobaini na zaidi bado wana picha ya diwani vichwani mwao. Hadi Machi 2013, Kitale ilikuwa na baraza la manispaa, na vivyo hivyo Bungoma, Webuye na Kimilili. Baraza lile lilikuwa bunge na serikali kwa pamoja. Madiwani walipitisha sheria ndogo, walimchagua meya miongoni mwao, na waliketi kwenye kamati za ujenzi, masoko na afya. Walichokata kamatini, karani wa baraza alitakiwa kukitekeleza. Kwa hiyo mkazi aliyemshika diwani njiani na kumlalamikia mtaro ulioziba alikuwa amemshika mtu mwenye mkono kwenye kazi yenyewe.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilitenganisha kazi hizo mbili. Kipengele cha 179 kinaweka mamlaka ya utendaji mikononi mwa kamati kuu ya kaunti, yaani gavana, naibu wake na mawaziri wa kaunti. Kipengele cha 185 kinalipa Bunge la Kaunti kazi ya kutunga sheria, kuidhinisha mipango na kuiangalia serikali ya kaunti inavyofanya kazi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 9, inaendelea kueleza anachopaswa kufanya mjumbe wa bunge hilo: kuwa karibu na wapiga kura na kushauriana nao kuhusu mambo yaliyo mbele ya bunge, kuwasilisha maoni yao, kuhudhuria vikao vya bunge na vya kamati zake, na kuwa kiungo kati ya wananchi na bunge kuhusu huduma zinazotolewa. Kisha kifungu hicho kinaweka mpaka ambao haustahili kusahaulika: mjumbe hataingia, moja kwa moja au kwa njia ya kando, katika kazi za utendaji wa serikali ya kaunti, wala hatatoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti.

Soma tena sentensi hiyo ukiwa na zile ahadi tatu masikioni. Anayejenga barabara ni idara. Anayeajiri muuguzi wa zahanati ni bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Hata pale kaunti inapotenga fedha kwa miradi ya wadi, zabuni hutolewa na idara na malipo hufanywa na Hazina ya Kaunti. Fedha haziwezi kuondoka kwenye akaunti kuu ya kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti huko Nairobi. Mwakilishi Wadi hashiki ufunguo wowote hapo katikati.

Wakazi wa mijini wana swali lao. Anayewania Tuwani mjini Kitale, au wadi ya Township mjini Bungoma, je, si anawania baraza la mji? Hapana. Baraza la mji linalopigiwa kura halipo tena. Kitale, Bungoma na Kimilili sasa zina bodi za manispaa chini ya Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, iliyorekebishwa mwaka 2019, na wajumbe wa bodi hizo hawachaguliwi kwenye kura ya Agosti. Eldoret nayo, ingawa ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, haimchagui meya. Kwa hiyo taka za soko na maegesho ya magari vina wenyewe, na Mwakilishi Wadi anayejua kazi yake huwaita wenyewe hao mbele ya kamati ya bunge na kuwauliza maswali.

Nguvu yake iko wapi basi

Iko kwenye karatasi, na si nguvu ndogo. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinasema fedha za umma hazitatengwa nje ya mpango uliotayarishwa na kamati kuu ya kaunti na kuidhinishwa na bunge. Mradi usiokuwa kwenye mpango hauna njia halali ya kupata pesa. Mpango mkubwa ni Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti, unaofahamika kwa kifupi kama CIDP, wa miaka mitano. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Chini yake kuna mpango wa kila mwaka, na chini ya mpango wa mwaka kuna bajeti.

Bunge likijadili bajeti linaweza kuibadilisha, lakini Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inadai kwamba kila nyongeza ilinganishwe na punguzo mahali pengine. Mjumbe anayetaka milioni mbili ziongezwe kwa maji ya wadi yake lazima aonyeshe zitakatwa wapi, kisha awashawishi wenzake wakubali. Trans Nzoia ina wadi 25, Bungoma ina 45. Mjumbe mmoja ni kura moja kati ya hizo, pamoja na za wale walioteuliwa. Asiyejua kuongea na wenzake hatarudi nyumbani na kitu, hata awe hodari wa jukwaani kiasi gani.

Uangalizi nao hauna utepe wa kukata wala mziki, na ndiyo maana wapiga kura huusahau. Mwaka 2015 nchi nzima ilizungumzia wilbaro kumi ambazo kaunti ya Bungoma ilizinunua kwa shilingi 109,320 kila moja. Bei ile ilikuwa imeandikwa kwenye hati za ununuzi. Kuzisoma hati za namna hiyo, kuuliza maswali mapema na kufuatilia majibu ni sehemu ya kazi ambayo mwananchi humlipia Mwakilishi Wadi mshahara. Mwaniaji asiyependa kusoma nyaraka ndefu zilizojaa hesabu afikirie upya.

Kuna pia mambo ambayo hata bunge lote la kaunti haliwezi kuyapangia. Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi. Kaunti ina zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, taa za barabarani, masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, maji na usafi, kilimo na mifugo. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa, na polisi vilevile. Barabara kuu inayotoka Kitale kupitia Kamukuywa hadi Webuye ni ya kitaifa. Bei ya mahindi kwenye ghala la taifa la nafaka haipangwi na Bunge la Kaunti, ingawa ni vigumu kufanya mkutano Kiminini au Tongaren bila swali hilo kuulizwa kwanza. Mwaniaji mkweli husema wazi: hilo si langu, lakini afisa wa kilimo anayepaswa kuwatembelea mashambani na chama cha ushirika kinachoweza kuwatafutia soko ni vya kaunti, na hapo nitauliza.

Tarehe ambazo hazimngoji mtu

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kufikia 1 Septemba kila mwaka, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata lazima uwe umefikishwa bungeni. Kufikia 28 Februari hufika waraka wa mkakati wa fedha, ambao huweka kiwango cha juu kwa kila idara. Makadirio ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili, na bunge huyapitisha kabla ya Juni kwisha. Wananchi wengi hujitokeza mwezi Mei au Juni, wakati kiwango cha kila idara kimeshafungwa na kilichobaki ni kuhamisha kidogo hapa na pale. Aliyefika na ombi lake mwezi Agosti amefika wakati ambapo karatasi bado ni nyeupe.

Sasa weka uchaguzi juu ya kalenda hiyo. Atakayechaguliwa tarehe 10 Agosti 2027 ataikuta bajeti ya mwaka 2027/28 imeshapitishwa na bunge lililoondoka. Wiki tatu tu baada ya kura, mpango wa mwaka 2028/29 utatakiwa kufika bungeni. Miezi itakayofuata ndiyo ya kuandaa CIDP mpya, ya 2028 hadi 2032. Maana yake ni kwamba, mbali na marekebisho yanayoweza kuja kwa bajeti ya nyongeza, fedha za kwanza ambazo mjumbe mpya atashiriki kuzipanga kikamilifu zitaanza kutumika Julai 2028. Anayeahidi daraja ndani ya siku mia moja ama hajui kalenda hii, ama anaijua na anatumaini wewe huijui.

Pia maana yake ni kwamba kijiji kinachongoja mjumbe mpya aapishwe, azoee kiti, kisha aje kuuliza mnataka nini, kitakuwa kimechelewa kwa mpango wa mwaka na huenda kikachelewa kwa ule wa miaka mitano. Orodha iwe tayari kabla ya kura.

Kupanga orodha ya kijiji

Kwa sensa ya 2019, Trans Nzoia ilikuwa na watu 990,341 na Bungoma 1,670,570. Ukigawanya kwa wadi, unapata wastani wa watu karibu 39,600 kwa wadi moja Trans Nzoia na karibu 37,100 Bungoma. Hakuna mtu anayeweza kuyabeba mahitaji ya watu hao kichwani. Atabeba ya wale waliopiga kelele zaidi, au ya wale anaokutana nao kila siku. Dawa yake ni maandishi.

Mkutano wa kupanga orodha hauhitaji kibali cha mwanasiasa wala mfadhili. Wazee wa mtaa, vikundi vya akina mama, wahudumu wa afya wa kijiji, waendeshaji boda boda na viongozi wa makanisa na misikiti wanaweza kuuitisha. Usiwekwe siku ya soko, maana wauzaji mboga hawatakuja, na usiwekwe saa ambazo ng'ombe wanakamuliwa. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayoamua ni sauti ya nani itasikika.

Kosa linalofanyika mara nyingi zaidi ni kuandika miradi badala ya shida. Mtu anasimama na kusema, "Tunataka zahanati." Mwenyekiti anaandika "zahanati" na kuendelea. Mwenyekiti mzuri angeuliza, "Mama, hebu tueleze, ni nini kilitokea hadi ukaona tunahitaji zahanati?" Jibu linaweza kuwa kwamba zahanati ipo mwendo wa nusu saa, ila ina muuguzi mmoja, na hufungwa jioni anapokwenda kwake. Au ipo na iko wazi, lakini mvua ikinyesha kivuko kinazama na mjamzito hawezi kupitishwa. Shida ya kwanza inahitaji muuguzi wa pili na nyumba ya kumlaza. Ya pili inahitaji kalvati. Jengo jipya halingetibu hata moja kati ya hizo, na pande zote mbili za Mto Nzoia hakuna anayehitaji kuelezwa jengo la umma lenye kufuli na nyasi ndefu linavyoonekana.

Shida zikishaandikwa, ni zamu ya kuzipima. Njia rahisi katika nchi hii ya mahindi ni mahindi yenyewe. Kila mtu hupewa punje tano. Shida kuu huwekwa chini, kila moja na sahani yake au alama yake, na kila mtu huweka punje zake anavyotaka: zote tano mahali pamoja, au azigawe. Asiyejua kusoma anashiriki sawa na mwalimu mkuu mstaafu. Wanawake, wanaume na vijana wapige kwa zamu, na hesabu za kila kundi ziandikwe kando.

Kwa nini kando? Tuseme watu 60 wamekuja: wanawake 26, wanaume 20 na vijana 14. Punje zote ni 300. Barabara inapata 113: wanawake 30, wanaume 62, vijana 21. Chemchemi iliyochafuka inapata 99: wanawake 71, wanaume 20, vijana 8. Taa za sokoni zinapata 64, zaidi ya nusu zikiwa za vijana. Zilizobaki 24 zimetawanyika. Ukisoma jumla peke yake, barabara imeshinda na mkutano umekwisha. Ukisoma safu za pembeni, unaona kwamba wanawake, ambao ndio wanaochota maji, wameweka zaidi ya nusu ya punje zao kwenye chemchemi. Isitoshe, kuikinga chemchemi kwa saruji na mabomba ni kazi ya gharama ndogo sana kuliko kuweka murram na mitaro kwenye kilomita kadhaa za barabara. Mkutano huo unaweza kuamua chemchemi iombwe mwaka wa kwanza na barabara iingizwe kwenye mpango wa miaka mitano. Huo ni uamuzi, nao hutolewa na watu walioketi pale, kwa kujadiliana hadi wakubaliane. Punje ziliwaonyesha tu mahali pa kuanzia mazungumzo.

Kisha kila shida iliyo juu ipitishwe kwenye maswali manne. Je, ni kazi ya kaunti? Ardhi ni ya nani? Nani atakiendesha kitu hicho kikishajengwa, na kwa pesa gani? Watu wangapi watafaidika, na kutoka vijiji vipi?

Swali la ardhi ndilo linaloua miradi mingi zaidi. Mzee mkarimu hutoa robo ekari kwa mdomo, jengo linapanda, mzee anafariki, na wanawe wanakuja na hati miliki. Kama ardhi ni ya kutolewa, uhamisho ufanywe kwa maandishi na ufike kwenye ofisi ya ardhi kabla ya tofali la kwanza. Kama ni chemchemi iliyo ndani ya shamba la mtu, njia ya kuifikia ikubaliwe na iandikwe.

Swali la uendeshaji huudhi watu kwa sababu linapunguza shangwe. Lakini sheria inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo kwa kipindi cha miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya fedha nyingine huenda kwenye mishahara, dawa, mafuta ya magari na bili. Kila jengo jipya huongeza mzigo upande huo wa pili. Taa ya mulika mwizi isiyolipiwa umeme ni mlingoti tu.

Kuipeleka orodha mahali inapohesabika

Orodha nzuri inatosha ukurasa mmoja au miwili. Inataja kijiji na wadi, tarehe ya mkutano, idadi ya waliohudhuria kwa makundi, shida tatu za kwanza pamoja na majibu ya maswali manne, na majina na sahihi za watu watatu au wanne waliochaguliwa kuifuatilia. Kiswahili kinatosha kabisa. Ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi.

Nakala ya kwanza iende kwa msimamizi wa wadi, ambaye ni afisa wa kaunti na ndiye huratibu vikao vya ushiriki wa umma katika wadi. Ya pili iende kwa karani wa Bunge la Kaunti, ya tatu kwa idara ya mipango. Kikao cha ushiriki wa umma kikitangazwa, wale waliochaguliwa waende nayo na waisome. Kipengele cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Lakini mtu anayesimama na kusema "tunaomba mtukumbuke" na yule anayesimama na kusema "chemchemi hii inahudumia kaya hizi, ardhi yake iko hivi, na tuliwasilisha ombi tarehe hii" hawapokelewi sawa na afisa anayeandika kumbukumbu.

Pia kila kaunti ina jukwaa la bajeti na uchumi, ambalo Sheria ya Fedha za Umma inataka liwe na wawakilishi wasio maafisa wa kaunti, wakiwamo wa wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, wafanyabiashara na vikundi vya kidini. Kikundi cha akina mama kijue ni nani anayekiwakilisha pale. Na mwananchi yeyote ana haki, chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, kuliandikia bunge ombi rasmi kuhusu jambo lililo ndani ya mamlaka yake.

Kwa anayetaka kuwania

Masharti ya msingi yako kwenye Kipengele cha 193. Mwaniaji awe mpiga kura aliyesajiliwa, na awe raia kwa angalau miaka kumi kabla ya uchaguzi. Ama ateuliwe na chama, ama awe mgombea huru anayeungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Mgombea huru hapaswi kuwa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya kura. Mtumishi wa umma, mwalimu wa shule ya serikali akiwamo, anatakiwa na Sheria ya Uchaguzi kujiuzulu angalau miezi sita kabla. Masharti ya elimu yamebadilishwa na kupingwa mahakamani mara kadhaa, hivyo ni vyema kuulizia mapema kwenye ofisi ya IEBC ya eneobunge kuliko kusikiliza uvumi. Ada ya uteuzi katika uchaguzi wa 2022 ilikuwa shilingi 5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Ada hiyo ndiyo gharama ndogo zaidi. Nyingine ndizo zinazowauza watu ng'ombe na mashamba. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 2 au kifungo cha hadi miaka sita, au vyote viwili, kwa hongo ya kura, na anayepokea ana hatia sawa na anayetoa. Kando ya sheria kuna hesabu ya kawaida: aliyemaliza akiba yake kununua kiti ana deni la kurudisha, na wadi haijui atalirudisha kutoka wapi. Gharama hizo pia huwafungia nje watu wanaoijua wadi vizuri. Kati ya viti 1,450 vya wadi nchini, wanawake walishinda 82 mwaka 2013, 96 mwaka 2017 na 115 mwaka 2022.

Mwaniaji asiye na pesa nyingi ana njia moja ambayo haigharimu zaidi ya viatu. Anaweza kupita kila kijiji kabla ya kampeni na kuomba kuiona orodha yao, au kuwasaidia kuiandika pale ambapo haipo. Anaweza kuisoma CIDP ya sasa na kuonyesha ni miradi ipi ya wadi iliyoandikwa humo na haijafanywa. Atakapopewa kipaza sauti, badala ya "nitajenga" atasema ataiombea chemchemi ya kijiji fulani nafasi kwenye mpango wa 2028/29, na atarudi baada ya Februari kuwaambia imefikia wapi. Ahadi ya namna hiyo mpiga kura anaweza kuipima kwa kalenda.

Wapiga kura nao wawe na maswali yao tayari. Umeisoma bajeti ya mwaka huu? Ungependa kuketi kwenye kamati gani, na kwa nini? Kitu gani utakubali kikatwe ili chetu kiongezwe? Utakuwa na ofisi wapi, na siku gani utapatikana? Atakayejibu swali la tatu bila kubabaika anastahili kusikilizwa hadi mwisho.

Orodha za vijiji hupokelewa kwenye ofisi za wasimamizi wa wadi siku za kazi. Anayeipeleka abebe nakala mbili, aombe zote zipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na arudi na moja kijijini. Itunzwe na mweka hazina wa kikundi, pamoja na kitabu cha akiba, mahali ambapo panya na mvua havifiki.